Ugomvi wa Kinoo

Watu wasioijua kazi ya useremala hudhani kwamba mafundi hugombana juu ya bei, mbao na wateja tu. Hayo yapo. Lakini mimi niliyeishi katika maranda kwa zaidi ya miaka hamsini nimeona kwamba ugomvi mkongwe kuliko yote, usiokwisha na usiomletea mtu hata senti moja, ni ule wa namna ya kunoa. Wakalishe mafundi watatu penye benchi moja, uwape patasi moja iliyo butu, kisha waulize inolewe vipi. Wa kwanza atataka mafuta, wa pili atataka maji, na wa tatu atasema wenzake wote wawili wamepotea. Mmoja atasukuma mbele na nyuma, mwingine atazungusha duara. Na kila mmoja ataapa kwamba hivyo ndivyo alivyofundishwa na bwana wake, na kwamba bwana wake hakuwa na mfano mjini.

Nimeutafakari ugomvi huu kwa muda mrefu, na nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya historia yake. Katika insha hii nataka kueleza jambo moja nililolifikia. Kila namna ya kunoa ilizaliwa mahali fulani ikiwa jibu la maswali ya mahali hapo: jiwe gani linapatikana, chuma ni cha aina gani, na mti unaokatwa una ugumu kiasi gani. Namna hiyo ikikaa kwao haina mgogoro. Mgogoro huanza pale jibu linaposafirishwa peke yake na maswali yake yakaachwa nyuma. Hapo jibu hugeuka kuwa sheria, na sheria isiyojua ilikotoka huwaumiza watu.

Kwanza tuangalie yale ambayo mafundi wote duniani wanakubaliana, kwani si machache. Makali ni mstari ambapo nyuso mbili za chuma hukutana. Chombo kikiwa butu, mstari ule huwa umeviringika kidogo, na ukiuelekeza kwenye mwanga utaona uzi mweupe unaometameta. Makali mazuri hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kuurudisha mwanga. Kunoa, basi, ni kuzila nyuso zile mbili mpaka zikutane tena. Anayenoa mshazari, yaani ule upande uliolazwa wa patasi au wa chuma cha randa, hupapasa upande wa pili kwa kidole. Akihisi mkwaruzo mwembamba wa chuma kilichojikunja, anajua kwamba amefika ukingoni. Hukigeuza chombo, akakilaza bapa juu ya jiwe, akauondoa mkunjo ule. Wote pia wanakubaliana kwamba chuma kikipata moto kwenye jiwe la kuzungusha mpaka kikageuka rangi ya bluu, ugumu wake umekwisha, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Haya ni maumbile ya chuma. Yanayobaki ndiyo yanayowagawa watu.

Kwa upande wa Waingereza, maandishi yanatupeleka hadi kwa Joseph Moxon, mpiga chapa wa London, ambaye mwaka 1678 alianza kutoa vijitabu vyake vya Mechanick Exercises juu ya kazi za mikono. Alieleza kunoa kwa hatua mbili: kwanza cherehe, lile jiwe kubwa la kuzungushwa, ili kuuweka mshazari sawa, kisha kinoo cha mkono, ili kuyalainisha makali. Na alitofautisha pembe ya chombo cha mti laini na ile ya chombo cha mti mgumu. Ya mti mgumu alitaka iwe nene zaidi. Msomaji aone kwamba tangu mwanzo huo pembe haikuwa moja kwa kazi zote. Mti ndio uliokuwa ukiulizwa kwanza.

Katika karne ya 18 na ya 19 mafundi wa Uingereza walikuwa na mawe ya aina nyingi. Kulikuwa na jiwe la Charnley Forest kutoka Leicestershire, kulikuwa na mawe ya Wales, na lililosifiwa zaidi lilikuwa jiwe la Kituruki, lililoletwa kwa meli kutoka katika dola ya Uthmaniya. Charles Holtzapffel, wa ukoo wa watengenezaji wa mashine za kukerezea huko London, aliyapanga mawe hayo na sifa zake katika juzuu ya tatu ya kitabu chake kikubwa cha ufundi, iliyotoka mwaka 1850 baada ya kifo chake. Ng'ambo ya bahari, Wamarekani walikuwa na hazina yao katika milima ya Ouachita, jimbo la Arkansas. Jiwe lake huitwa novakulaiti, nalo karibu lote ni silika tupu. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo walilichimba kwa karne nyingi kutengenezea ncha za mishale na mikuki kabla seremala yeyote wa Kizungu hajaliona. Katika karne ya 19 liligeuka kuwa biashara kubwa, na kampuni ya Pike ya New Hampshire ikalitangaza na kuliuza mbali.

Mawe haya yote mazuri yana tabia moja: ni magumu, na hula chuma polepole. Uzuri wake ni kwamba hayachimbiki upesi. Kinoo kimoja kinaweza kumfaa baba, kikamfaa na mwana. Ubaya wake ni kwamba vumbi la chuma hujaza vitundu vya uso wake, jiwe likateleza kama kioo na kuacha kula. Mafuta yaliwekwa kwa sababu hiyo. Huliinua vumbi lile likaelea, fundi akalifuta kwa kitambaa. Hakuna siri nyingine ndani ya mafuta. Hayanoi, hulisaidia jiwe lipumue.

Na upole huo wa jiwe ndio uliozaa kanuni nyingine iliyokuja kuwa kama amri, ile ya pembe mbili. Katika vitabu vya Kiingereza vya karne ya 20, mathalani vya Charles Hayward, aliyelihariri jarida la The Woodworker kwa miaka mingi, mwanafunzi huelekezwa achonge mshazari kwenye cherehe kwa nyuzi 25, halafu aunoe ukingo wake kwenye kinoo cha mafuta kwa nyuzi 30. Kwa nini pembe mbili? Kwa sababu jiwe gumu lisilo na haraka likipewa mshazari wote wa chuma kilicho kigumu tangu mgongoni mpaka ukingoni, fundi atasugua mpaka jua litue. Kwa hiyo cherehe huondoa sehemu kubwa, na kinoo huachiwa utepe mwembamba tu ukingoni. Ni mpango wa kuokoa muda, na ni mpango wa busara kabisa mahali ambapo kuna jiwe gumu, cherehe na mafuta.

Sisi tulipofundishwa hatukuelezwa hayo. Mwaka 1966 nilikuwa mwanafunzi katika shule moja ya ufundi ya mwambao. Tulipewa namba mbili, 25 na 30, tukazikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Darasani tulikuwa na kijana aliyekuwa mtoto wa fundi wa majahazi kutoka Pangani. Alikuwa ameshika tezo na patasi tangu utotoni. Yeye alinoa kwa maji, juu ya jiwe la mchanga alilokuja nalo kwenye kikapu, na mkono wake ulipanda na kushuka kidogo kwa kila msukumo, hata mshazari wa patasi yake ukawa umebinuka kama mgongo wa samaki. Patasi ile ilikata kuliko zetu zote. Tulikuwa tukimwazima kwa siri tulipotaka kumalizia viungo.

Siku ya mtihani wa vitendo mwalimu alipita na kipimo chake cha bati kilichokatwa kwa nyuzi 30. Alipokiegemeza kwenye patasi ya mwenzetu, mwanga ulipita huku na huku.

"Hii ni kienyeji," mwalimu alisema, akaandika sifuri.

"Samahani, Mwalimu," kijana akajibu kwa adabu, "ijaribu kwanza kwenye ubao."

Mwalimu hakuijaribu. Mwaka ule haukwisha kabla mwenzetu hajaondoka shuleni, na habari nilizozipata baadaye ni kwamba alikwenda kukata mkonge. Sikumwona tena akishika patasi. Simlaumu mwalimu yule peke yake, kwa sababu naye alipewa namba zile bila maelezo yake. Ila nimeubeba mfano huo mpaka leo, kwa kuwa mshazari wa kubinuka si ujinga. Mkono wa binadamu ukisukuma chuma juu ya jiwe huelekea kupanda na kushuka wenyewe. Anayeufuata mwendo huo hahitaji cherehe, kwani mgongo wa mshazari huliwa pamoja na ukingo. Tena nyuma ya makali hubaki nyama ya kutosha ya kuyategemeza, jambo ambalo fundi wa majahazi anayepiga nyundo juu ya mti mgumu anaelewa thamani yake. Katika karne hii ya 21 fundi Mwingereza, Paul Sellers, amejulikana kwa kuutetea na kuufundisha mshazari wa namna hiyo hiyo, na maelfu ya watu wamemfuata. Kile alichopewa sifuri mtoto wa Pangani kinafundishwa sasa kutoka Uingereza.

Tuelekee Mashariki, kwa sababu huko ndiko ilikotoka nusu ya pili ya ugomvi. Japani ilijaliwa mawe ya aina nyingine. Karibu na Kyoto yalichimbwa mawe ya kumalizia kunoa ambayo chembe zake ni laini mno, na zimeshikana kwa ulegevu kiasi. Ukiyamwagia maji na kusugua, chembe hung'oka na kufanya tope jembamba, na tope lile ndilo linalonoa. Jiwe la namna hii hula chuma upesi, lakini lenyewe nalo huliwa upesi. Lisiposawazishwa mara kwa mara huwa na bonde katikati. Ukilitia mafuta umeliua, kwa sababu chembe zitaziba na hazitang'oka tena.

Chuma chao pia kilikuwa na umbile lake. Patasi ya Kijapani ina tabaka jembamba la pua ngumu lililounganishwa kwa moto na mwili wa chuma laini. Mshazari wake ukitazamwa unaonyesha rangi mbili: utepe unaong'aa ukingoni, na juu yake chuma chenye ukungu. Kwa hiyo fundi Mjapani anaponoa mshazari wote bapa juu ya jiwe hasugui pua tupu. Sehemu kubwa ni chuma laini kinacholika kwa urahisi, na jiwe lenyewe lina kasi. Hakuhitaji cherehe wala pembe mbili. Na upande wa pili wa chombo huchimbwa kidogo katikati, ili kuulaza bapa kusiwe kazi ya kutwa. Kila kitu kinategemeana: jiwe, chuma na mkono.

Wahunzi wa vyombo hivyo walipata nguvu mpya baada ya mwaka 1876, serikali ya Meiji ilipopiga marufuku watu kutembea na panga, isipokuwa wachache. Wahunzi wengi wa panga walipoteza wateja, na baadhi yao wakaupeleka ujuzi wao kwenye randa na patasi. Chiyozuru Korehide, aliyeishi kati ya 1874 na 1957, alitoka katika ukoo wa wahunzi wa panga, na vyuma vyake vya randa vinaheshimiwa mpaka leo. Lakini haki ni kukumbuka kwamba hata Ulaya vyuma vya randa vya zamani viliungwa vivyo hivyo, pua kidogo juu ya chuma laini, kwa sababu pua ilikuwa ghali. Tofauti ya Mashariki na Magharibi haikuwa kubwa kama wanavyosema wanaopenda kugombana.

Njia hizi mbili ziliishi mbalimbali bila kutupiana maneno. Katika miaka ya 1970 zikakutana Marekani. Jarida la Fine Woodworking lilianza kutoka mwaka 1975 huko Connecticut, wakati watu wengi waliokuwa na kazi nyingine walipoanza kupenda useremala wa mikono. Vyombo na mawe ya Kijapani vikaanza kuingia madukani. Mwaka 1984 Toshio Odate, Mjapani aliyejifunza utotoni kutengeneza milango ya kuteleza na kuhamia Marekani mwaka 1958, alitoa kitabu chake juu ya vyombo vya Kijapani, mila zake na matumizi yake. Wakati huohuo, James Krenov, aliyezaliwa Siberia na kujifunza ufundi Sweden, alikuwa akifundisha California kuanzia mwaka 1981. Yeye aliuchonga mshazari kwa cherehe ya mkono mpaka ukabonyea, ili kisigino na ukingo tu ndivyo viguse kinoo. Basi mkono ukapata mahali pa kujiegemeza bila kifaa chochote cha kushikia.

Hapo vita vikaanza. Watu wa mafuta walisema mawe ya maji yanachimbika, yanarowanisha benchi na kuvitia vyombo kutu. Watu wa maji walisema mawe ya mafuta ni mavivu na yanachafua mbao. Walikuwako waliotaka patasi ifungwe kwenye kifaa chenye gurudumu ili pembe isibadilike hata kidogo, na waliosema anayetumia kifaa hicho bado hajawa fundi. Ukiyasikiliza mabishano hayo kwa makini, utaona mengi yanatokana na kuchanganya vitu. Mtu amechukua chombo cha tabaka mbili akakipeleka kwenye cherehe ya umeme, pua ikaungua, akasema vyombo vya Kijapani havidumu. Mwingine amechukua patasi ya Sheffield iliyo pua tupu, akataka kuulaza mshazari wote juu ya jiwe la Arkansas, akachoka, akasema Wazungu hawajui kunoa. Hakuna aliyemsingizia mwenzake kwa makusudi. Kila mmoja alikuwa amebeba nusu ya jambo.

Mwaka 1995 Leonard Lee, mwanzilishi wa kampuni ya vyombo ya Lee Valley huko Kanada, alitoa kitabu kizima juu ya kunoa, chenye picha za makali yaliyokuzwa kwa hadubini. Kwangu mimi picha hizo zilifaa kuliko hoja zote. Hadubini haiulizi kama fundi alitia maji au mafuta. Inaonyesha kina cha mikwaruzo na mahali nyuso mbili zinapokutana, basi. Mwaka huohuo ilienea Marekani namna nyingine iliyopewa jina la Scary Sharp, ya kubandika msasa juu ya kioo bapa na kunolea hapo, kuanzia msasa wa kukwaruza mpaka ule laini kabisa. Wenye mawe ya bei kubwa waliudhika. Mimi nilicheka peke yangu, maana jina msasa kwetu ni la mti, na majani yake yenye mikwaruzo ndiyo waliyosugulia mbao wazee wetu kabla karatasi ya dukani haijafika. Chembe ngumu hukwaruza popote ulipozibandika, iwe ndani ya jiwe, juu ya karatasi au juu ya jani.

Isisahauliwe kwamba ndani ya ugomvi huu mna wafanyabiashara pia. Mwaka 1891 Edward Acheson wa Pennsylvania, akijaribu kutengeneza almasi kwa umeme, alipata fuwele ngumu za kabidi ya silikoni. Aliziita Carborundum, akapewa hataza mwaka 1893, na mwaka 1895 kazi yake ikahamia Niagara Falls ili kutumia umeme wa maporomoko. Tangu hapo kinoo kiliweza kutengenezwa kiwandani, kila kimoja sawa na kingine. Kampuni ya Norton ya Massachusetts nayo ilitengeneza mawe ya oksidi ya alumini yaliyouzwa kwa jina la India, na mwaka 1932 ikainunua kampuni ya Pike. Jiwe la kiwandani lenye pande mbili, wa kukwaruza na wa kulainisha, ndilo lililofika katika maduka ya pwani yetu, na ndilo fundi wengi walilolijua. Mwenye kiwanda ana haki ya kulisifu jiwe lake. Lakini mwanafunzi akisikia tangazo akadhani ni elimu, hapo tumeharibikiwa. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nimewaona vijana wenye vinoo vitano na patasi butu.

Sasa niseme juu ya mahali petu, kwa sababu swali la mti ndilo linalosahauliwa zaidi katika vitabu vya wageni. Vitabu vile vingi viliandikwa na watu wanaokata misonobari, mialoni na miti kama hiyo. Sisi tuna mpingo, ambao ni mzito hata huzama majini. Tuna msaji, unaopandwa katika mashamba kama Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, na ndani ya msaji mna silika, yaani chembe za namna ileile inayofanya jiwe la kunolea. Unaporanda msaji ni kama unayasugua makali yako kwenye kinoo kibaya, kwa upande usioutaka. Mvule na mninga ni wapole zaidi. Kwa hiyo pembe ninayoitumia kwenye mninga siitumii kwenye mpingo. Kwenye mpingo huyanenepesha makali zaidi ya zile nyuzi 30, vinginevyo yatamomonyoka kabla kazi haijaanza. Hii si dharau kwa vitabu. Moxon mwenyewe angekubali.

Swali la jiwe nalo lilitufikia kwa ukali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda na mambo mengine yaliyoukaba uchumi, Tanzania ilipita katika uhaba mkubwa. Sabuni na sukari vilipigiwa foleni, sembuse kinoo cha kutoka ng'ambo. Mafuta mepesi ya mashine yalipotea. Nilikuwa wakati huo katika karakana ya Tanga yenye mafundi wanane. Vinoo vya dukani vilikuwa vimechakaa na kuvunjika, na cherehe ya umeme ilikosa jiwe la kubadilishia. Wale waliojua njia moja tu walikwama. Kulikuwa na mzee mmoja, marehemu sasa, ambaye kwa miaka mingi vijana walimtania kwa jiwe lake la mchanga na kopo lake la maji. Mzee huyo ndiye aliyeiokoa karakana. Asubuhi mafundi walijipanga kwake na vyuma vya randa mkononi.

"Mzee, shikamoo. Tunaomba utunolee."

"Marahaba. Sikunolei, mwanangu. Kaa hapa nikuonyeshe."

Alianza na jiwe la kukwaruza, akafuata jiwe laini la mtoni alilolisawazisha kwa kulisugua sakafuni, akamalizia kwa kuyapitisha makali juu ya mkanda mkuukuu wa ngozi. Hakumkejeli mtu. Kijana mmoja alipomuuliza kama maji ni bora kuliko mafuta, alijibu kwamba jiwe lake linapenda maji, na kwamba mwenye jiwe lingine aliulize. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sijaona jibu lililolipita hilo.

Kwa nini basi watu wazima hukasirikiana kwa jambo ambalo lina majibu mengi sahihi? Nadhani ni kwa sababu kunoa ndiyo kazi ya kwanza ambayo mwanagenzi hupewa, kabla hajaruhusiwa kugusa mbao za mteja. Tunajifunza tukiwa wadogo, tumesimama karibu na mtu tunayemwogopa na kumpenda. Mwendo wa mkono wake unaingia katika mkono wetu. Baadaye mtu akija kusema mwendo ule ni mbaya, hatusikii habari ya chuma. Tunasikia bwana wetu akitukanwa. Mwenzetu wa Pangani hakupewa sifuri ya patasi. Alipewa sifuri ya baba yake, na ndiyo maana hakurudi.

Tena kunoa hakuna shahidi. Kiungo cha mlango kinaonekana na kila mtu, lakini makali yanajulikana na mkono ulioyashika tu, kisha yanakwisha jioni ileile. Jambo lisilobakiza ushahidi hubishaniwa daima.

Siku hizi ugomvi huu umepoa katika karakana nyingi ninazozipita, na sikufurahi kama nilivyotazamia. Umepoa si kwa sababu watu wameelewana, bali kwa sababu vijana wengi hawanoi. Randa ya umeme ina visu vya kutupa. Patasi hupelekwa kwenye grenda, cheche zikaruka, chuma kikawa bluu, na baada ya wiki patasi nyingine ikanunuliwa. Fundi wa namna hiyo hana la kubishana, lakini kila mwezi fedha yake inakwenda dukani, na siku ya uhaba atakaa barazani mikono mitupu. Mimi ni afadhali nisikie wawili wakirushiana maneno juu ya maji na mafuta, kwani wawili hao angalau wanajua kwamba kuna kitu cha kujua.

Kwa vijana wangu ninaowafundisha nimeacha kuwapa namba. Nawataka kila mmoja, kabla hajagusa jiwe, ajibu maswali matatu: chuma hiki ni kigumu chote au kimeungwa? Jiwe hili ni gumu lisilolika, au ni laini linalotoa tope? Mti wa leo ni upi? Akishajibu, pembe na maji na mafuta hujipanga vyenyewe. Na akikutana na fundi anayenoa kinyume chake, namwambia asianze kusahihisha. Aombe kwanza kuijaribu patasi ya mwenzake kwenye ubao. Ikikata vizuri, akae chini aulize jiwe lile limetoka wapi.